Sauti ya baba siku ya arobaini

Msomaji mmoja wa Kiwira, wilayani Rungwe, ameniandikia hivi:

“Shikamoo mwalimu. Baba yetu alifariki majuma matatu yaliyopita, tukamzika hapa nyumbani. Kaka yetu aliyeko Kanada hakuwahi mazishi. Sasa amechukua sauti zote ambazo baba alikuwa anamtumia WhatsApp, akaziingiza kwenye programu ya akili mnemba, na imetoka sauti ya baba kabisa, huwezi kutofautisha. Anataka siku ya arobaini tuifungulie kwenye spika: baba awasalimie watu, awashukuru waliomzika, awaase wajukuu. Baba mdogo amesema huo ni uchawi. Wajukuu wamefurahi. Mama hajasema kitu. Na kusema kweli, wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi uliandikwa na programu ya aina hiyohiyo, hakuna aliyelalamika. Je, mashine inaweza kushiriki msiba? Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kike, kikao kinanisubiri mimi.”

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kufiwa.

Kwa kuwa kikao kinakusubiri, jibu lenyewe ni hili: siku ya arobaini msiifungulie. Lakini ukienda na jibu tupu kaka yako atakuuliza sababu, na sababu mbili zitakazokujia haraka zote ni dhaifu. Moja ni hiyo ya baba mdogo. Nyingine ni ile tunayoipenda sisi wasomi, kwamba mashine haina hisia.

Nimefundisha anthropolojia chuoni kwa miaka mingi, na mtaani kwetu hapa Iringa huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa katibu wa misiba. Kazi hii ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi. Imenionyesha kwamba msibani hakuna anayekupima uchungu mlangoni. Wewe mwenyewe umeona. Mama anakuja njiani akiongea na mwenzake habari za bei ya viazi, wanacheka, mwingine anajibu simu. Wakifika pale turubai linapoonekana, anajifunga kitenge vizuri, anashika kichwa, anaachia kilio cha kumtoa mtu machozi. Analia hadi ndani, anamkumbatia mfiwa, anakaa kwenye mkeka, na baada ya dakika kumi anauliza kama maji ya chai yamechemka. Hakuna anayemwita mnafiki. Amefanya alichotakiwa kufanya.

Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim aliliandika jambo hili mwaka 1912: kuomboleza ni wajibu ambao kundi linamtaka mtu autimize, hata kama moyoni mwake hakuna kitu siku hiyo. Na huko kwenu Rungwe, miaka ya 1930, wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa na Wanyakyusa wakaandika walichokiona. Makala ya Godfrey kuhusu mazishi yenu ilitoka mwaka 1939. Waliona wanawake wakilia, na wanaume wakicheza kwa mikuki na ngoma palepale kwenye mazishi. Mgeni angesema wanaume wale hawana huzuni. Wenyeji walijua kwamba ule mchezo ndio kulia kwao. Kwa hiyo tukisema mashine isikanyage msibani kwa sababu haina uchungu moyoni, tutawafukuza na majirani nusu nzima, na baadhi ya wakwe.

Basi kiingilio cha msiba ni nini? Nitakuonyesha daftari.

Daftari la rambirambi la mtaani kwetu ni kaunta buku la kurasa 192, jalada limepakwa mafuta ya taa ya chemli. Linakaa kwenye meza ndogo pembeni ya turubai, mimi na kijana mmoja tukiwa nyuma yake, na jiko la mkaa miguuni maana baridi ya Juni hapa si ya mchezo. Mtu anakuja, anataja jina, anatoa. Naandika: fulani, elfu tano. Fulani, elfu kumi. Mama fulani, debe la mahindi. Fulani, kuni mzigo mmoja. Kijana hana kitu: fulani, kuchimba kaburi. Nayo hiyo naiandika, na ina uzito kuliko elfu kumi. Baada ya mazishi majina yanasomwa, na daftari linabaki kwa wafiwa. Unajua linabakia nini? Mwenye mahindi akifiwa mwakani, mtalifungua. Mtaona debe. Hamtampelekea nusu debe.

Huo ndio msiba, mwanangu. Ni deni linalozunguka. Nakuja kwako kwa sababu ulikuja kwangu, au kwa sababu najua siku moja utakuja. Na kila anayeandikwa humo ana mwili wa kuchoka, ana nyumba ya kuendewa, na ana kifo chake kinachomsubiri mbele. Mashine niiandike vipi? Ikitunga rambirambi nzuri kuliko zote za siku hiyo, mimi nitailipa lini, na nitakwenda kuhani kwa nani? Haitafiwa. Haitakufa. Haikupanda gari kutoka Uyole kwenye mvua ya Tukuyu, ambayo wewe unaijua kuliko mimi.

Kuna kisa cha Marekani kinachoonyesha jambo hilihili kwa upande wa pili. Februari 2023 watu walipigwa risasi katika Chuo Kikuu cha Michigan State, wanafunzi wakafa. Ofisi moja ya chuo kingine, Vanderbilt, ikawaandikia wanafunzi wake barua pepe ya kuwafariji. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo ukieleza kwamba maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi wakachukia, ofisi ikaomba radhi. Nimeisoma barua ile; haina tusi wala kosa, ni ya kawaida tu. Kilichowauma ni kujua kwamba aliyepaswa kukaa chini akahangaika kutafuta la kusema, hakuhangaika. Neno “pole” halina maana nyingi. Uzito wake unatokana na mtu aliyelibeba hadi mlangoni kwako.

Hapo nirudi kwenye wasifu wenu. Kwa maoni yangu hilo halikuwa kosa, ila mmebahatika. Msiba mmoja hapa mtaani, vijana wa marehemu walimpa simu mjukuu aandae wasifu. Akaandika kwa mashine mistari michache: mzee kazaliwa mwaka fulani, alikuwa dereva, kaacha mjane na watoto sita. Ikarudisha kurasa mbili tamu. Msemaji wa familia anasoma, tumenyamaza, akafika mahali pa “marehemu alikuwa mzee wa kanisa na mwanakwaya mwaminifu kwa miaka mingi.” Nikamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama viatu vyake. Yule mzee, Mungu amrehemu, kanisani alikuwa anaingia kwenye harusi za watu na hata hapo anakaa karibu na mlango. Wanaume wa nyuma wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Baya zaidi, mtoto wa sita, yule wa nje ya ndoa ambaye mzee alimtambua mwenyewe mbele ya ukoo, hakutajwa kwa jina. Mashine ilikuwa imeambiwa “sita” ikapewa majina matano, ikayapanga hayo matano vizuri na kuendelea na safari. Binti wa watu alikuwa amesimama palepale, karibu na jeneza.

Mashine haikuwa na nia mbaya. Inavyofanya kazi ni kwamba imesoma maandishi mengi mno, na kila inapoandika neno inakadiria neno gani huwa linafuata. Kwenye wasifu za marehemu, baada ya “alikuwa” huwa panafuata “mcha Mungu” na “nguzo ya familia”. Ukiiachia pengo, italijaza kwa marehemu wa watu wengine. Iwe karani, basi. Ipange ratiba, ijumlishe michango iliyoingia kwa simu, inyooshe sentensi. Lakini majina na miaka viandikwe na shangazi anayejua nani alizaliwa baada ya nani, na asomaye awe mtoto au ndugu, sauti ikimkatika ikatike.

Sasa uchawi wa baba mdogo. Kaka yako, kama ana akili ninayomdhania, atamjibu hivi: lakini hata sisi kwenye misiba yetu tunaye mtu anayemuiga marehemu! Na atakuwa sahihi. Mtani.

Huku kwetu Wahehe na Wangoni walipigana vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na kilichobaki leo ni utani. Akifa Mhehe, Mngoni akiwapo hapo, wafiwa wajiandae. Nimeona mmoja akiingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika bakora yake, anachechemea mguu uleule wa kushoto. Akafika kwenye masufuria: “Nani amewaambia muweke mchele mwingi hivi? Mali yangu hii! Mimi nikiwa hai mlikuwa mnakula ugali.” Ilikuwa sauti ya marehemu kabisa, hata ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kulaumu. Mjane alicheka, halafu akalia, halafu vyote viwili pamoja. Lilikuwa jambo la kwanza kumtoa pale kwenye mkeka tangu asubuhi. Kwa hiyo kumuiga marehemu hakujawahi kuwa uchawi kwetu, na baba mdogo wako naye nina hakika ameshacheka mbele ya mtani.

Lakini mtazame mtani vizuri. Koti ni la marehemu, uso ni wa kwake mwenyewe, na kila mtu anajua kwao ni wapi. Mdomo wake una mwenyewe; akivuka mpaka, wazee wanamwambia “sasa basi”, naye anaacha. Ruhusa yake aliirithi, hakujipa. Anasema maneno ya kuchekesha ambayo hakuna atakayeyachukua kuwa wosia. Na kabla jua halijazama koti linavuliwa, linarudishwa kwenye vitu vya marehemu, na mtani anadai hela yake ya soda. Siku akifa yeye, Mhehe atavaa la kwake.

Sauti ya kaka yako haina hata moja ya hayo. Itatoka kwenye spika bila uso, itawaasa wajukuu, na wajukuu watakua wakisema “babu alituambia siku ya arobaini”. Hakuwaambia. Aliyewaambia ni mjomba wao aliyeko Kanada, kwa kinywa cha babu. Hapo ndipo mimi ninapokataa. Maneno ya marehemu yana nguvu kuliko ya walio hai. Mtu hawezi kuyabishia. Leo ni kuwaasa wajukuu wasome kwa bidii, sawa. Kesho kutwa ni nani apewe shamba la parachichi.

Kuna kitu kingine huku Iringa kinachonisaidia kufikiri. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua kwa risasi Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani. Wakamkata kichwa, kikapelekwa Ulaya. Kaburi lake liko Mlambalasi. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulitaja kabisa kwamba fuvu lile lirudishwe, lakini likaja Kalenga tarehe 19 Juni 1954, Gavana wa Tanganyika Edward Twining alipolikabidhi kwa mjukuu, Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Twining alilitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, akalichagua kwa vipimo vilivyokaribiana na vya ukoo, na wapo wanaouliza mpaka leo kama ni lenyewe. Pamoja na hayo lilipokelewa, na liko Kalenga, nenda ukalione. Kwa miaka 56 watu walidai kitu kilichotoka kwenye mwili wake. Sidhani kama kuna ambaye angeridhika na kichwa cha kuchonga, hata kingefanana vipi.

Zile sauti za WhatsApp za baba yako ni fuvu. Sauti ya programu ni kichwa cha kuchonga. Tofauti yake si ndogo hata kama sikio halioni.

Kwa haki ya wenzetu niseme kwamba kuna mahali jambo hili limefanyika kwa heshima. Juni 2022 huko Nottinghamshire, Uingereza, alifariki Marina Smith, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi. Kwenye mazishi yake waombolezaji walimuuliza maswali naye akawajibu kwenye skrini. Lakini alikuwa amekaa mbele ya kamera mwenyewe akiwa hai, akajibu maswali mengi, na kazi ya mashine ilikuwa kuchagua jibu lipi aliloacha linafaa swali lipi. Kila neno lilikuwa lake na alilitoa akijua. Baba yako alikuwa anamtumia mwanawe habari za ng’ombe. Hakujua kama anarekodiwa kwa ajili ya hotuba. Wajapani nao, mwaka 2017, walionyesha Tokyo roboti aliyevishwa joho la kasisi wa Kibudha akisoma sala za mazishi kwa bei ya chini kuliko ya kasisi. Hiyo siijadili, wachungaji wetu wana shida za kutosha.

Halafu kuna jambo dogo la lugha, nalo litawaaibisha. Baba yako na mama yako nyumbani walizungumza Kinyakyusa, sivyo? Programu hizi zinajua Kiingereza sana, Kiswahili kiasi, Kinyakyusa karibu hakuna. Mzee wa Kiwira atasimama kwenye spika mbele ya wazee wenzake na kuwasalimia kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio: “Ndugu waombolezaji wapendwa.” Wazee watatazamana.

Na sauti hiyo iko kwenye simu ya nani sasa hivi? Kama imeshaingia kwenye grupu la familia, iondoeni leo. Mwaka 2023 Microsoft walionyesha mfumo unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Wale matapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii” tumewazoea kwa ujumbe wa maandishi. Wasimpigie mama yako kwa sauti ya mumewe.

Lakini kinachonisumbua kuliko vyote ni arobaini yenyewe. Kwa nini tunaifanya? Ili msiba ufungwe. Ndugu wa mbali wanaaga, mjane anaanza kutoka kwenda sokoni bila watu kumtazama, vitu vinagawanywa, mikeka inakunjwa. Matanga yana siku ya kuanuliwa, na watu wazima ndio walioweka siku hiyo kwa sababu walijua huzuni ikiachwa bila mlango wa kutokea inakaa na mtu humohumo ndani. Programu haina siku ya kuanua. Mwisho wa mwezi itamkata kaka yako dola zake, baba aendelee kuongea, na mwezi unaofuata tena. Mkimfungulia baba siku ileile ya kumuaga, mtakuwa mmekunja mkeka na kuutandika upya.

Mama hajasema kitu, umeandika. Kimya cha mjane si ndiyo. Usimuulize kikaoni, mtume shangazi, au mama mmoja aliyefiwa na mume kabla yake, amuulize wakiwa wawili jikoni. Akisema anataka kuisikia, aisikie yeye, ndani, mara anazotaka. Hilo si la kikao wala si langu.

Kaka yako usimgombeze. Alikosa kulala msibani, hakushika udongo, na mwanaume ambaye hakumzika baba yake anatafuta cha kufanya na mikono yake usiku. Huyu amekuta kompyuta. Mpe kazi ya kweli. Achague ujumbe mmoja halisi wa baba, mfupi, hata ule wa ng’ombe. Siku ya arobaini wewe mwenyewe usimame useme: hii ni sauti ya baba, alimtumia kaka tarehe fulani, alikuwa anaulizia hiki. Uifungulie mara moja tu, nawe uzime. Kisha kaka apigiwe simu palepale, atoe shukrani za familia yeye, kwa sauti yake, mtandao ukikata mmsubiri.

Na lile daftari la rambirambi la mazishi, mnalo? Lipige picha ukurasa kwa ukurasa umtumie. Mwambie aanze juu kabisa, ampigie kila aliyeandikwa humo, mmoja mmoja, amwambie asante kwa kumzika baba. Ya kwetu hapa mtaani huwa na majina zaidi ya mia mbili. Itamchukua majuma kadhaa, na tofauti ya saa na Kanada ni kubwa, kwa hiyo aanze na wazee, wao wanaamka mapema.